Mgeni Aliyetuchora

Kila mwaka niwaulizapo wanafunzi wangu hapa Isiolo Joy Adamson alikuwa nani, jibu huwa moja: mzungu wa simba. Hawakosei, ila hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu iliyosahaulika ndiyo ituhusuyo zaidi.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, milki ya Austria na Hungary. Mji huo leo huitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi walimwita Friederike Victoria Gessner. Hata hajatimiza miaka tisa, milki aliyozaliwa ndani yake ilikwisha kusambaratika. Mumewe wa kwanza, Viktor von Klarwill, alikuwa Myahudi. Wanazi walipozidi kupata nguvu, mume huyo alimtuma Kenya mwaka wa 1937 atafute mahali pa kuhamia. Melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, akaolewa na Bally, na ni Bally aliyempa jina la Joy na kumtia hamu ya kuchora maua ya nchi hii. Mwaka wa 1944 aliolewa mara ya tatu, na George Adamson, mzaliwa wa India, aliyekuwa afisa wa wanyamapori wa eneo la Kaskazini. Makao yao yakawa Isiolo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii za Kenya wakiwa wamevalia mavazi na mapambo yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na mwaka wa 1967 alichapisha kitabu juu yake, The Peoples of Kenya.

Kisha akaja Elsa. Mwaka wa 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, akaleta nyumbani watoto watatu wa mnyama huyo. Wawili walipelekwa Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa kisha akafunzwa kuishi mwituni. Kitabu cha Born Free cha mwaka wa 1960, na filamu yake ya mwaka wa 1966, vilizagaa Ulaya na Marekani. Fedha nyingi alizopata Joy alizitoa kwa uhifadhi wa wanyama. Ukurasa wa simba ukazifunika nyuso za watu.

Simsifu kupita kiasi. Alikuwa mkali, hata kwa waliomtumikia. Tena alitumwa na serikali iliyoifunga Kaskazini, ambako mtu hakuingia bila kibali. Picha hutuonyesha sura ya mzee, haitupi maneno yake. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba, katika wilaya yetu, alikokuwa akimchunguza chui aitwaye Penny. Kwanza ilidhaniwa kuwa ameuawa na simba, kumbe ni mkono wa binadamu. Kijana aliyewahi kumfanyia kazi alipatikana na hatia. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwaka wa 1989.

Ndugu msomaji, nayasimulia haya kwa sababu katika mji wetu neno "mgeni" limegeuzwa kuwa tusi. Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru na Msomali, kila mmoja humwuliza mwenzake amefika lini. Tunasahau kwamba Wasomali wengi wa mjini ni wajukuu wa askari waliopewa makao hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mji huu umejengwa na wahamaji. Na mhamaji mmoja, aliyepoteza kwao, aliwatazama wazee wetu kwa makini kutushinda sisi wajukuu wao, akawaweka katika mkusanyo mmoja bila kuuliza nani alitangulia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi wakazione picha hizo. Kisha tuwape kazi ambayo Joy hakuifanya: waketi na wazee wangali hai, wa kila jamii, wayaandike maneno yao. Tukingoja mgeni mwingine aje kutuandikia, huenda tukabaki na sura zisizo na sauti.