John Wayne na Saa Yake ya Mwisho
John Wayne alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1907, akaitwa Marion Morrison. Tangu sinema ya Stagecoach ya mwaka 1939, watu walimjua kuwa shujaa asiyeogopa kitu. Mwaka 1960 alifika Tanganyika, akaigiza karibu na Arusha kazi ya kukamata wanyama wa mwitu. Sinema hiyo ilitoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari! Lakini hatari ya kweli ilimkuta mwilini: mwaka 1964 saratani ilimnyang'anya pafu moja. Mwaka 1970 alipata tuzo ya Oscar. Juni 1979, akiwa mahututi, alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akafa tarehe 11. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jina. Sifa za dunia zilibaki nyuma. Alichopokea saa ile alikwenda nacho.