Burkitt: Daktari wa Mulago aliyetetea pumba dhidi ya bawasiri

MGONJWA wa bawasiri, awe Port Reitz mjini Mombasa au awe London, aghalabu hupewa ushauri ule ule: ale nyuzinyuzi kwa wingi na anywe maji ya kutosha kabla ya kufikiria kisu. Kuenea kwa ushauri huo ni matunda, kwa sehemu kubwa, ya kazi ya marehemu Dkt Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda kwa takriban miaka 20.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi jijini Dublin kabla ya kuhamia udaktari. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu Kenya kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Jina lake lilivuma kwanza kwa saratani ya taya kwa watoto, aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Wengi wangetosheka na sifa hiyo.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari wa jeshi la wanamaji aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi mengi. Burkitt alikumbuka kwamba Afrika ni nadra alipokutana na baadhi ya maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza, bawasiri ikiwamo. Akaziandikia hospitali nyingi za Afrika kuulizia hali ilivyo kwao.

Kisha akageukia jambo ambalo waungwana hawalitaji mezani: kinyesi. Mwaka 1972, yeye na wenzake Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, ilhali wanamaji wa Uingereza walitoa gramu 104. Chakula kilipita tumboni mwa wanavijiji hao kwa saa 36 hivi. Kwa wanamaji, saa 83.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Nyuzinyuzi hushika maji na kulainisha choo. Zikikosekana, choo huwa kigumu, mtu hujikamua, na mishipa ya njia ya haja kubwa huvimba. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa na watu wengi wasio madaktari, na katika mihadhara hakuona haya kuonyesha picha za vinyesi.

Si yote aliyodai yaliyothibitishwa. Wanavijiji na wanamaji hawakutofautiana kwa chakula pekee, na orodha ya maradhi aliyoyahusisha na ukosefu wa pumba ilikuwa ndefu mno. Kuhusu bawasiri, hata hivyo, hakukosea sana. Burkitt aliaga dunia Machi 23, 1993. Mwaka 2005, tathmini ya majaribio 7 yenye wagonjwa 378 ilionyesha kuwa nyongeza ya nyuzinyuzi, kama unga wa maganda ya isabgoli, ilipunguza hatari ya kuendelea kutokwa damu kwa takriban nusu.

Unga huo huongezwa kidogo kidogo, la sivyo tumbo hujaa gesi, na bila maji huweza kuzidisha kufunga choo. Anayetokwa damu apimwe kwanza, kwani si kila damu ni bawasiri.