Hukwe Zawose: Kutoka malishoni Ugogo hadi darasani Bagamoyo

Alipofariki dunia Desemba 30, 2003, Hukwe Ubi Zawose alikuwa ameshaimba Ulaya, Japani na Marekani. Lakini kazi iliyomfanya aishi Mkoa wa Pwani ilikuwa ualimu. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanaeleza kwa nini yanawahusu wapigaji na wachezaji ngoma wa Kibaha na Kisarawe.

Mtu wa Kisarawe au Mlandizi akisema leo usiku kuna ngoma, hakuna anayemuuliza kama anamaanisha kifaa cha kupigwa, uchezaji, nyimbo au shughuli yenyewe. Neno ni moja na yote yamo ndani yake. Mdundiko wa Wazaramo ukipita mtaani una wapigaji, waimbaji, wachezaji na msafara wa watu nyuma yao. Mwali akiwekwa ndani kufundwa, kuna nyimbo za kungwi, na zamani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kilichochongwa na fundi. Hizo ni sanaa nne au tano zinazofanya kazi moja.

Shuleni mambo huwa tofauti. Muziki unafundishwa huku, uchongaji kule, maigizo kwingine. Chuo kilichojaribu kuziweka sanaa hizo pamoja, kama zilivyo kijijini, kiko mkoa huu huu wa Pwani, mjini Bagamoyo. Ukitaka kuelewa chuo cha namna hiyo kinaweza kumsaidia vipi msanii, na wapi kinashindwa, yatazame maisha ya Zawose.

Alizaliwa wapi, na alijifunza kwa nani?

Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma. Ni nchi ya ukame, ya uwele, mtama na mifugo. Kama watoto wengi wa Kigogo, alichunga ng'ombe. Muziki alijifunza nyumbani kwa baba yake, kwa kusikiliza, kutazama na kujaribu.

Wagogo wana muziki wao ambao msikilizaji wa Pwani huutambua mara moja. Wanaimba kwa sauti kadhaa zinazopishana na kukutana, hii juu, hii chini. Wanawake wao hupiga ngoma za muheme, jambo ambalo katika makabila mengi ya nchi hii ni kazi ya wanaume. Na kuna ala mbili kubwa. Ya kwanza ni zeze, lenye nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde. Ya pili ni ilimba, sanduku la mbao lililofungwa vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye matundu ya sanduku hilo hubandikwa utando wa buibui, na ndio unaoipa ilimba ule mlio wa kuvuma kama nyuki. Anayetengeneza ilimba lazima ajue mbao, ajue kufua chuma, na awe na sikio la kujua chuma kipi kirefushwe na kipi kifupishwe.

Zawose aliyajua yote hayo. Alikuwa mwimbaji, mpigaji, mchezaji na mtengenezaji wa ala. Sauti yake iliweza kushuka chini kama ngurumo, kisha ikapanda juu kama ya mtoto, ndani ya wimbo mmoja.

Alifikaje Dar es Salaam?

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Wakoloni walikuwa wamewafundisha watu kuona haya na ngoma zao, na serikali mpya ilitaka kulirekebisha hilo. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye vikafuata vya sarakasi na maigizo. Wasanii walikusanywa kutoka mikoani.

Katika miaka hiyo ya 1960 sifa za Zawose zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam. Kijana wa malishoni akawa msanii wa serikali. Aliimba kuhusu uhuru, umoja na viongozi wa nchi, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Wageni wa taifa walipokuja, yeye na wenzake ndio waliowaonyesha Tanzania ni nchi ya namna gani.

Mpango huo ulikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba msanii wa jadi alipata ajira na heshima. Hasara ni kwamba ngoma iliyochezwa usiku kucha kijijini ilikatwa ikawa ya dakika chache jukwaani. Ngoma ya mavuno ilichezwa bila mavuno, na ya jando bila vijana wa jando. Wasomi wa sanaa waliandika kuhusu tatizo hilo, na hadi leo linajadiliwa.

Chuo cha Bagamoyo kilimpa nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya taifa vilikuwa vimevunjwa. Badala yake, mwaka 1981, ukafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wasanii waliotoka kwenye vikundi hivyo wakawa walimu wake. Zawose alikuwa mmoja wao.

Kwanza, chuo kilimpa mahali pa kukaa na kazi ya kudumu. Msanii wa jadi akiishi kwa kualikwa harusini na kwenye mikutano tu, mwaka wa njaa haalikwi. Mwalimu wa chuo ana mshahara hata kama ni mdogo.

Pili, kilimpa majirani wa fani nyingine. Bagamoyo palifundishwa ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Mwanafunzi aliyekuja akitaka kuwa mwigizaji alijikuta akicheza sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma. Mpiga zeze kutoka Ugogo alifanya kazi na Mzaramo aliyekulia kwenye mdundiko. Hakuna kijiji kimoja ambacho kingewakutanisha watu hao.

Tatu, kilimpa wanafunzi ambao si ndugu zake. Nyumbani kwao muziki ulipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Bagamoyo alifundisha vijana wa makabila ambayo hayajawahi kuwa na ilimba. Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa katika historia ya ala hiyo.

Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichukua njia tofauti. Kilikuwa kimeanza kufundisha sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye walimu wake, akiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, waliwafuata watu vijijini. Mwaka 1985 walifika Msoga, katika mkoa huu wa Pwani. Huko wanakijiji walitumia ngoma, nyimbo na maigizo yao wenyewe kuzungumzia matatizo ya kijiji chao. Kwa maneno mengine, Bagamoyo ilimleta msanii wa kijiji chuoni, na chuo kikuu kikawapeleka wasomi kijijini. Kila njia ilikuwa na kazi yake.

Alijulikanaje nje ya nchi?

Katikati ya miaka ya 1980 Zawose alianza kurekodi na kampuni za nje. Mwaka 1985 ilitoka albamu ya Tanzania Yetu nchini Uingereza, na baadaye ikafuata Mateso. Japani nako walirekodi muziki wake. Mwaka 1996 kampuni ya Real World, ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Chibite. Mwaka 2002 ilitoka Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Katika albamu hiyo ilimba na zeze vilikutana na mitambo ya studio.

Katika safari nyingi aliandamana na mpwa wake, Charles Zawose, aliyekuwa naye bega kwa bega kwenye ala na kwenye kuimba. Watu waliojaa kumbini Ulaya na Marekani hawakujua neno hata moja la Kigogo, lakini walikaa kimya wakisikiliza.

Alikabiliana na matatizo gani?

Sifa za nje hazikuondoa shida za nyumbani. Chuo cha Bagamoyo kilianza wakati uchumi wa nchi ulikuwa umeyumba, na kwa miaka mingi kilitegemea sana msaada wa Sweden. Mwaka 2002 ukumbi wake wa maonyesho uliteketea kwa moto, na ilichukua miaka kupata mwingine.

Kulikuwa na tatizo jingine lisiloonekana kwa urahisi. Muda wa chuo hauwezi kulingana na muda wa kijiji. Zawose mwenyewe alijifunza kwa kuishi ndani ya muziki tangu utotoni. Mwanafunzi wa chuo anakaa miaka michache, anafanya mtihani, anaondoka. Anaweza kuondoka na nyimbo na mitindo ya kupiga, lakini sikio la kutengeneza ilimba mpya kutoka kwenye gogo na vipande vya chuma halipatikani kwa mihula michache.

Zawose alilijibu tatizo hilo kwa kulihamishia nyumbani kwake. Alijenga maisha yake Bagamoyo pamoja na familia kubwa, na watoto, wajukuu na wapwa wakakulia kwenye muziki. Kazini alifundisha yeyote aliyeandikishwa. Nyumbani alifundisha kama alivyofundishwa na baba yake, kila siku, bila mtihani. Kwa hiyo Mkoa wa Pwani ukapata kitu ambacho haukuwa nacho: nyumba ya Wagogo kando ya Bahari ya Hindi, wanaoimba nyimbo za malishoni.

Nini kilibaki baada ya kifo chake?

Zawose alifariki dunia Bagamoyo, akiwa na umri wa miaka 65 hivi. Mwaka uliofuata, 2004, Charles naye akafariki. Katika muda mfupi, watu wawili waliobeba sehemu kubwa ya ujuzi huo walikuwa wameondoka. Kama ujuzi ungekuwa kwao peke yao, hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Chuo kiliendelea, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayojulikana kwa kifupi kama TaSUBa. Tamasha la sanaa la Bagamoyo bado linakusanya vikundi vya ndani na nje ya nchi. Wazao wa Zawose nao waliendelea. Mwanawe Msafiri Zawose ni mwanamuziki anayejulikana. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah waliunda kundi la The Zawose Queens, na mwaka 2024 wakatoa albamu ya Maisha. Hilo lina uzito wake, kwa sababu zamani katika familia hiyo wanawake waliimba, wakacheza na kupiga muheme, lakini ilimba na zeze zilikuwa ala za wanaume. Sasa wanazipiga wao, na ndio wanaoongoza.

Hapo ndipo unaona chuo na familia vilivyosaidiana. Chuo kiliipa familia sababu ya kuishi Bagamoyo na wasikilizaji wa kila aina. Familia nayo ilitunza kile ambacho ratiba ya chuo isingeweza kukitunza.

Kibaha na Kisarawe wanajifunza nini hapa?

Wazaramo na Wakwere wana urithi wao ambao haujapata Zawose wake wa kuuimba duniani kote. Wapo wapigaji wa mdundiko wanaojua mapigo ambayo vijana hawayajui. Wapo makungwi wenye nyimbo za mwali, na wachongaji wachache wanaojua mwana hiti inavyokaa. Kibaha inakua haraka kando ya barabara kuu ya Morogoro, viwanja vinapimwa, na shughuli nyingi sasa zinakodi spika za muziki badala ya wapigaji ngoma.

Siku hizi wengi tuna simu, na ni rahisi kurekodi ngoma ya mzee na kuitunza. Ni jambo jema kulifanya. Hata hivyo simu inatunza sauti, haitunzi mkono. Ukisikiliza rekodi za Zawose utausikia ule mlio wa nyuki, lakini rekodi haitakuonyesha utando wa buibui unavyobandikwa wala chuma kinavyofuliwa hadi kitoe sauti inayotakiwa. Hilo lilipita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, malishoni Doduma, kisha darasani na uani Bagamoyo.

Kwa hiyo mwenye mzee wa ngoma kijijini anaweza kuanza na kile alichofanya baba yake Hukwe, yaani kumweka mtoto karibu, amtazame mzee na ajaribu mwenyewe. Na kijana mwenye kipaji akitaka kukutanisha anachokijua na fani nyingine, chuo hakiko mbali. Kutoka Mlandizi ipo barabara inayokwenda moja kwa moja Bagamoyo.