Maisha ya Joseph Thomson, Msafiri na Mchunguzi wa Miamba

Ukisafiri kutoka Karatu kwenda Ngorongoro, utaacha nyuma yako mashamba ya udongo mwekundu, utapita msituni, kisha utafika ukingoni mwa kreta. Chini yako, kiasi cha mita 600, utaona uwanda wenye eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Humo utawakuta swala wadogo wenye mstari mweusi ubavuni na mkia mweusi usiotulia. Hao ni swala tomi. Huenda karibu nao ukawaona swala wengine, wakubwa zaidi, ambao weupe wa matako yao hupanda juu hadi kupita mkia. Hao ni swala granti.

Je, umewahi kujiuliza majina hayo yametoka wapi? Yametokana na majina ya wasafiri wawili, wote wazaliwa wa Uskoti. James Augustus Grant alipita Tabora na Karagwe katika safari ya mwaka 1860 hadi 1863. Joseph Thomson alifuata miaka mingi baadaye, naye ndiye tutakayemsoma katika somo hili. Lakini kumbuka: wenyeji wa nchi hii walikuwa wakiwajua wanyama hao, na kuwaita kwa majina yao wenyewe, tangu zamani sana.

Utoto na masomo

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini ya Uskoti. Uskoti ni nchi ya vilima, mvua na baridi. Watu wake wengi hujivunia asili yao ya Wakelti, watu wa kale wa pande zile. Thomson naye aliipenda sana nchi yake. Hata alipokuwa Afrika alilinganisha vilima alivyoviona na vilima vya kwao.

Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe. Huko kijana alijifunza kwamba jiwe lina habari za kusimulia, kwa mtu anayejua kulitazama. Baadaye alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tangu utotoni alikuwa amesoma habari za Livingstone, akatamani kuja Afrika.

Safari ya kwanza: fumbo la mto Lukuga

Mwaka 1879 Thomson aliondoka Dar es Salaam akiwa msaidizi wa Keith Johnston, kiongozi wa msafara uliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia. Kabla ya miezi miwili kwisha, Johnston alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho, karibu na mto Rufiji. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Je, arudi au aendelee? Aliamua kuendelea. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu msafara ulikuwa na nahodha hodari, James Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa watu waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Chuma ndiye aliyejua njia, lugha na desturi za watu, na ndiye aliyewaongoza wapagazi zaidi ya 100.

Walipita ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakafika Ziwa Tanganyika. Huko palikuwa na fumbo. Msafiri Cameron alikuwa amesema kuwa mto Lukuga hutoa maji ziwani na kuyapeleka magharibi. Stanley, aliyefika baada yake, aliona matope na matete yameziba, akasema maji hayatoki. Nani alikuwa na haki? Thomson hakubishana. Alikwenda kutazama, akaukuta mto ukienda kwa nguvu.

Jibu lake ni hili: maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mwaka hata mwaka, mpaka yakavunja kizuizi cha matope. Basi kila msafiri alieleza aliyoyaona kwa wakati wake. Jifunze hapa kwamba dunia hubadilika, na kwamba mchunguzi hana budi kuandika mahali na tarehe ya uchunguzi wake.

Mawe meusi ya Ruvuma

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Thomson kuchunguza makaa ya mawe pande za mto Ruvuma. Sultani alikuwa na meli za moshi, naye alitumaini kupata utajiri. Thomson alifika, akayapima yale mawe meusi. Hayakuwa makaa. Yalikuwa mawe ya tabaka tabaka yenye lami kidogo, yasiyofaa kuwa kuni za meli.

Fikiri, mwanafunzi, ungefanya nini wewe? Sultani ndiye aliyemlipa, na habari njema ingempendeza. Thomson alirudi akasema kweli. Sultani hakufurahi, na kazi ile ikaisha. Lakini ukweli wa mawe haubadiliki kwa sababu mkubwa ameudhika. Tena, jibu lile lilihusu mawe aliyoyaona tu. Mwaka 2011 makaa ya mawe yalianza kuchimbwa Ngaka katika mkoa wa Ruvuma, mbali sana na hapo alipopima yeye.

Katika nchi ya Wamasai

Mwaka 1883 Thomson alitoka Mombasa, akapita karibu na Kilimanjaro, akaingia nchi ya Wamasai. Aliona Bonde la Ufa, akachungulia kreta ya mlima Longonot, akafika Ziwa Baringo na Ziwa Viktoria. Hakufika Ngorongoro; Mzungu wa kwanza kuiona alikuwa Oscar Baumann, mwaka 1892. Alijitahidi kuepuka vita. Alipozuiwa alirudi nyuma, akangoja, akajaribu tena.

Hata hivyo, si kila alichofanya ni cha kuigwa. Ili aogopwe, alitia chumvi ya dawa ndani ya maji, ikatoa povu, naye akajifanya mganga mkuu. Hapakuwa na uganga wowote. Asidi ikikutana na magadi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo ifanyayo povu. Mwanasayansi wa kweli hueleza jambo kama hilo. Halitumii kuwatisha wasiolijua.

Siku ya mwisho ya mwaka 1883 alijeruhiwa vibaya na nyati aliyekuwa amempiga risasi. Kisha akaugua kuhara damu, wapagazi wakambeba. Alifika pwani mwaka 1884. Mwaka huohuo mtaalamu Günther wa London alieleza aina ya swala kutokana na vitu alivyoleta, akampa jina la Thomson. Leo jina lake la kisayansi ni Eudorcas thomsonii.

Miaka ya mwisho

Thomson alisafiri tena: Sokoto mwaka 1885, milima ya Atlas huko Moroko mwaka 1888, na kusini ya Katanga mwaka 1890, ambako ndui ilifunga njia. Safari za Sokoto na Katanga alitumwa na makampuni ya Kiingereza yaliyotaka mikataba na ardhi. Hivyo ramani za wasafiri ziliwafungulia wakoloni mlango. Safari hizo pia ziliivunja afya yake. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Utakapomwona swala tomi, mkumbuke kijana wa machimboni aliyependa kwenda kutazama kabla ya kusema. Mkumbuke pia Chuma na wapagazi, ambao bila wao asingefika popote.

Mambo ya kufanya

1. Weka magadi kidogo katika kikombe, kisha kamulia ndimu. Unaona nini? Eleza sababu yake.
2. Jenga ukuta wa matope katikati ya karai. Mimina maji upande mmoja, kidogo kidogo. Andika yanayotokea. Linganisha na mto Lukuga.

Maswali

1. Utawatofautishaje swala tomi na swala granti?
2. Kwa nini Cameron na Stanley walitoa habari zisizolingana?
3. Thomson alimweleza Sultani ukweli, lakini aliwadanganya watu kwa povu. Kuna tofauti gani kati ya matendo hayo mawili?