Dokta Matthew Lukwiya, muganga aliyesimama mbele ya Ebola

Wandugu wa Kamituga, wa Luhwindja na wa Nyabibwe, mnapoleta mgonjwa Bukavu, kwenye mlango wa hospitali mnakuta ndoo ya kunawia mikono. Tumezizoea ndoo hizo tangu Ebola ilipofika Mwenga, Agosti 2019. Halafu ikaja Covid, na mwaka 2023 mpox ikaanza kuenea Kamituga, katikati ya wachimbaji. Lakini tuseme ukweli: wengi wetu tunapita tu, na siku zingine ndoo yenyewe iko kavu. Njo maana leo tunawaeleza maisha ya muganga mmoja wa kwa jirani zetu, Uganda.

Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi. Baba yake aliuza samaki, akafa maji wakati Matthew alikuwa na miaka 12. Mama yake alikuwa mchuuzi: alivusha majani ya chai kwa magendo mpaka Sudan, na kule alibadilisha chai na sabuni. Alimfundisha mtoto kuendesha baiskeli, akitumaini kwamba naye atafanya kazi ile. Wamama wetu wanaovuka Ruzizi na mzigo kichwani wanayajua maisha hayo. Lakini mtoto alikuwa na akili mingi. Alishinda mitihani, akapata burse moja nyuma ya ingine, mpaka akawa muganga.

Mwaka 1983 aliingia kazi kwenye hospitali ya Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali iliongozwa na bwana na bibi: Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, Mkanada, muganga wa kupasua. Hawakukawia kuona kwamba huyu kijana njo atakayewarithi. Kulikuwa vita. Lucille alipasua majeruhi wengi, na kwa kujikata wakati wa kazi alipata virusi vya UKIMWI. Alikufa mwaka 1996. Kwa hiyo Matthew alijua mapema kwamba hospitali inaweza kumuua hata yule anayeponya.

Ijumaa Kuu moja waasi walifika hospitalini kuchukua masista. Matthew aliwaomba wamchukue yeye. Alitembea nao porini juma nzima na koti lake la uganga, kisha wakamwachilia. Baadaye alisoma Liverpool, Uingereza, akapewa nafasi ya kubaki kufundisha. Alikataa, akarudi kwao.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala kwa masomo. Akapigiwa simu: wanafunzi wauguzi wanakufa Lacor, na hakuna anayejua ugonjwa. Alifika tarehe 7. Usiku ule alisoma karatasi za wagonjwa moja kwa moja, pamoja na sista mkuu wa wauguzi. Aliona homa, kutapika na damu, akafikiri: hii inaweza kuwa Ebola.

Sasa muangalie alichofanya. Hakungoja majibu ya laboratware. Alitenga salle ya peke yake kwa wagonjwa wale. Wauguzi walioingia mule walijitolea wenyewe, wakavaa glavu, aproni, bote na kifuniko cha pua na mdomo. Pia aliwajulisha wakubwa wa afya Kampala. Siku chache baadaye majibu yalitoka Afrika Kusini: ni Ebola kweli. Kumbe Lacor ilikuwa imeshaanza kazi.

Hata hivyo wauguzi waliendelea kufa. Mwezi wa Novemba wafanyakazi walikusanyika na hasira na woga, wengine wakitaka hospitali ifungwe. Matthew hakuwatisha. Alizungumza nao kwa muda mrefu, akawakumbusha waliokufa, akasema yeye atabaki. Wakarudi kazini.

Katika mwezi ule ule, usiku mmoja, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa aliamka kitandani akikohoa na damu inamtoka. Wenzake waliogopa, wakamwita Matthew. Alivaa haraka: glavu mbili mbili, aproni, bote, kofia, kifuniko cha mdomo. Kitu kimoja tu hakuvaa: miwani ya kukinga macho. Wenzake waliamini kwamba ugonjwa ulimwingia usiku ule. Homa ilianza mwisho wa Novemba. Alikufa tarehe 5 Desemba 2000, akiacha bibi na watoto watano. Alizikwa pale hospitalini, pembeni ya Lucille.

Ebola ile ilipata watu 425 katika Uganda, na 224 walikufa. Mwezi wa Februari 2001 ilitangazwa kwamba imekwisha. Bila salle ile iliyofunguliwa mapema, hesabu ingekuwa ingine.

Hatusemi hivi kwa kumhukumu. Alikimbilia ndugu yake aliyekuwa anakufa. Lakini ninyi mnaoshuka mashimoni mnaelewa vizuri kuliko sisi. Unaweza kusimika miti ya kushikilia udongo siku mia moja. Siku ya mia moja na moja ukasema leo nitaingia haraka tu, na shimo halikuulizi jana ulifanya nini. Ugonjwa nao uko hivyo.

Kwa hiyo sisi tunaolala na wagonjwa wetu, wale wanaoitwa garde-malade, tunawe kwa sabuni au kwa maji ya klorini mbele ya kumgusa mgonjwa na nyuma ya kumgusa, kila mara. Tusiguse damu wala matapishi kwa mkono mtupu. Tukikuta ndoo kavu, tusinyamaze: tuulize maji iko wapi. Na muuguzi akienda kutafuta glavu kwanza, tusimkasirikie kwamba anachelewa. Anamlinda mgonjwa wetu, anajilinda naye, ili kesho mwingine akifika amkute.

Mama yake Matthew alivuka mpaka kutafuta sabuni. Sisi iko nayo hapa sokoni.