Agner Erlang, mwalimu wa kijiji aliyepigia hesabu foleni za simu

Jioni, wakati wachuuzi wa soko la Kadutu mjini Bukavu wanafunga hesabu za siku, simu nyingi zinafanya kazi kwa pamoja. Huyu anatuma pesa, yule anauliza salio, mwingine anapiga Uvira au Goma. Mwenye duka haachilii mzigo mpaka ujumbe wa malipo uingie. Tangu benki za mji zilipofunga milango mapema mwaka 2025, ujumbe huo umekuwa na uzito zaidi. Utaingia kwa sekunde tatu, kwa dakika kumi, au hautaingia kabisa? Mtu aliyeanza kulipatia swali hilo hesabu alifariki muda mrefu kabla ya simu ya mkononi kuwepo.

Ni Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1878 kijijini Lønborg, magharibi mwa Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Akiwa na miaka 14 tu alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, baada ya kupewa ruhusa maalum kwa sababu ya umri wake, kisha akarudi nyumbani kufundisha katika shule ya baba yake. Mwaka 1901 alimaliza masomo ya hisabati chuoni, akarudia chaki na ubao kwa miaka kadhaa.

Maisha yake yaligeuka katika mikutano ya wanahisabati wa Denmark. Huko alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1908 kampuni hiyo ikamwajiri. Siku zile wanawake waliketi mbele ya ubao wa matundu na kuunganisha waya kwa mkono. Waya zikiwa chache, wateja waliambiwa laini imejaa. Zikiwa nyingi mno, kampuni ilizika pesa yake ardhini. Zinatosha ngapi? Wengi walikisia tu.

Erlang hakuwa mtu wa kukaa ofisini peke yake. Alizunguka mitaa ya Copenhagen akifuatwa na kibarua aliyebeba ngazi, akishuka ndani ya mashimo ya nyaya kupima umeme uliokuwa ukipotea. Lakini kilichobaki ni makaratasi yake mawili. La mwaka 1909 lilionyesha kwamba simu, ingawa kila mtu anapiga apendavyo, kwa jumla zinafuata kanuni ya uwezekano inayojulikana. La mwaka 1917 lilitoa kanuni mbili: moja ya kujua ni simu ngapi zitakataliwa, nyingine ya kujua mteja atangojea muda gani.

Mfano mmoja unaonyesha nguvu yake. Tuseme mazungumzo yanayotakiwa yangejaza laini 5 kwa saa nzima. Ili isikataliwe zaidi ya simu moja kati ya 100, zinahitajika laini 11. Mazungumzo yakiongezeka mara kumi, laini 64 zinatosha, si 110. Ndiyo maana wengi wakitumia njia moja kubwa inagharimu kidogo kuliko kila kundi kuwa na njia yake ndogo.

Leo laini za waya zimeachia nafasi kompyuta za mbali, zile zinazoitwa wingu. Kazi ya kutuma pesa hugawanywa kwa programu ndogondogo: moja inatambua namba, nyingine inaangalia salio, nyingine inaandika ujumbe. Kila moja ina foleni yake, na ikichelewa moja, wote wanangoja. Hapo kanuni ya kungojea inatoa onyo kali. Kompyuta moja inayoshughulika nusu ya muda wake humngojesha mteja, kwa wastani, muda sawa na ule wa kumhudumia. Ikishughulika kwa asilimia 90, kungojea kunafika mara tisa ya muda huo. Kampuni inayotaka kuahidi kasi isiyoyumba lazima iache nafasi tupu, na nafasi tupu ni gharama, jambo ambalo wenye mahesabu hawapendi kulisikia.

Hesabu hiyo ina mipaka yake. Inachukulia kwamba watu wanapiga bila kuambiana. Habari moja ya kutisha ikisambaa kutoka Ibanda hadi Bagira na mji mzima ukashika simu dakika ileile, kanuni inavunjika. Wala haitibu umeme uliokatika.

Erlang hakuoa. Alikusanya vitabu, na maskini waliokuja kumwomba aliwasaidia bila kutaka kujulikana. Karibu miaka 20 alifanya kazi bila likizo ya ugonjwa. Januari 1929 alilazwa hospitalini kwa upasuaji wa tumbo, na tarehe 3 Februari akafariki, akiwa na miaka 51.

Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu iliamua kipimo cha mzigo wa mtandao kiitwe erlang: laini moja ikijaa saa nzima ni erlang moja. Baadaye, katika miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Ericsson nchini Sweden walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya mitambo ya simu, nayo wakaiita Erlang. Kompyuta za WhatsApp, zinazopitisha jumbe za Bukavu kila siku, zimeandikiwa programu zake kwa lugha hiyo.