Vivien Thomas: hakuwa munganga, lakini alifundisha waganga kupasua watoto wa moyo

Kama umeshaona mtoto ambaye midomo na kucha zinageuka bluu wakati analia ao ananyonya, unajua woga unaoshika wazazi wake. Akianza kutembea, anafanya hatua chache, kisha anachuchumaa chini kutafuta pumzi. Mbele ya mwaka 1944, mtoto wa namna hiyo alikuwa anarudishwa nyumbani tu. Waganga hawakuwa na la kufanya. Leo tunawaletea maisha ya mtu mweusi wa Marekani aliyesaidia kubadilisha hali hiyo: Vivien Thomas.

Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakomalia Nashville. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, na yeye mwenyewe alijifunza kazi hiyo tangu utoto. Alimaliza masomo ya sekondari na alitaka kuwa munganga. Alikuwa ameweka franga benki kwa ajili ya masomo. Lakini kisha mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, benki zikafungwa, na akiba yake yote ikapotea.

Mwaka 1930 akapata kazi kwenye chuo kikuu cha Vanderbilt, katika maabara ya munganga mzungu Alfred Blalock. Alifikiri ni kazi ya muda, arudilie masomo hali ikitengemaa. Hakurudia tena. Blalock aliona mikono yake ni ya ajabu, akamwachia majaribio makubwa. Kwenye karatasi lakini, Thomas aliandikwa kama mfanyakazi wa usafi, ni kusema mtu wa kufagia, na alilipwa hivyo. Siku alipogundua hilo, alienda kudai, na mshahara ukapandishwa.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa kwenye hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, akaenda pamoja na Thomas. Kule ubaguzi ulikuwa wazi. Weusi walikuwa na vyoo vyao, na karibu wote waliofanya kazi pale walikuwa watu wa usafi. Thomas akipita na koti jeupe la maabara, watu walikuwa wanasimama kumwangalia.

Ni pale ndipo munganga wa watoto, mama Helen Taussig, alikuja kwao na shida ya watoto wa bluu. Watoto hao wanazaliwa na moyo wenye kasoro: kuna tundu ndani, na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu ni nyembamba. Damu kidogo tu ndiyo inafika kuchukua hewa, ndiyo maana mwili unageuka bluu. Wazo lilikuwa kuchukua mshipa unaopeleka damu mkononi na kuushona kwenye mshipa wa mapafu, ili damu ipate njia nyingine.

Kusema ni rahisi. Thomas ndiye aliyetafuta namna ya kufanya. Alifanya majaribio kwa mbwa karibu 200, kwa muda wa karibu miaka miwili. Vyombo vya kushona mishipa midogo namna ile havikuwepo, basi alikata sindano na kuzinoa yeye mwenyewe.

Tarehe 29 Novemba 1944, msichana wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo 4 hivi aliingizwa kwenye chumba cha operesheni. Blalock ndiye aliyeshika kisu. Lakini Blalock alijua kwamba Thomas ameifanya ile operesheni mara nyingi kumpita. Akaomba aitwe. Thomas akasimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake, akimwelekeza hatua kwa hatua, hata upande wa kupitisha sindano. Mtoto alitoka mzima. Kwa huzuni, miezi kadhaa nyuma yake hali iliharibika tena, akafariki. Lakini mtoto wa tatu, kijana wa miaka 6, midomo yake ilirudia rangi yake ya kawaida akiwa bado kwenye meza. Tangu hapo wazazi walileta watoto kutoka pande zote.

Mwaka 1945 habari hiyo ilichapishwa kwenye gazeti la waganga. Waandishi walikuwa Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwemo. Operesheni ikaitwa kwa majina ya wale wawili, naye jioni zingine alitumika kugawa vinywaji kwenye sherehe za Blalock ili aongeze kitu kwa mshahara.

Hata hivyo hakuacha maabara. Alifundisha vijana wengi ambao baadaye walikuwa waganga wakubwa wa upasuaji. Mwaka 1971 picha yake ilitundikwa pale Hopkins. Mwaka 1976 chuo kikampa udaktari wa heshima na kumweka rasmi kuwa mwalimu wa upasuaji. Alifariki Novemba 1985. Leo waganga wengi wanaita ile operesheni Blalock-Thomas-Taussig.

Wazazi wapendwa, karibu mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na kasoro fulani ya moyo. Mtoto wako akigeuka bluu, usiseme ni uchawi wa jirani. Mpeleke hospitali mapema asikilizwe moyo. Njia ya kupata operesheni kwetu ni ndefu na ya bei, lakini inaanzia pale.